Kulala Garini Penye Baridi

Mwenyeji wa Magara haijui baridi akiwa kwake. Ziwa Tanganyika huhifadhi joto la mchana, na watu wa ufuoni hulala kwa kitenge kimoja. Lakini wapo waume na vijana wa huko waondokao na malori ya mawese na dagaa kutoka Rumonge, wakapita Bujumbura na kupanda mlima hadi Bugarama ya Muramvya, ambayo siyo Bugarama iliyo jirani ya Magara. Ziwa liko kwenye kimo cha meta 770 hivi. Huko juu kimo hufikia meta 2,200. Kwa kila meta 1,000 za kupanda, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Dereva aliyeondoka akitokwa jasho hufika akitetemeka, na gari likiharibika, au mafuta yakikosekana kama ilivyotokea mara nyingi kati ya 2022 na 2024, hulala humo humo garini.

Hapo ndipo penye hatari. Wengine huingiza jiko la mkaa, hufunga vioo, kisha hulala. Mkaa uwakao mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huingia mapafuni, ikachukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huenda asiamke tena. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio uwadanganyao wengi. Injini iachwayo ikinguruma usiku kucha nayo si salama, hasa bomba la moshi likiwa limetoboka au limezibwa na matope. Huko Ulaya, watu wakaao katika magari yenye vitanda wakati wa baridi hutundika ndani kifaa kidogo kinacholia hewa hiyo ikitokea. Asiye na kifaa hicho na aliache jiko nje. Na hata mwenye nacho, vivyo hivyo.

Basi mke afungaye mzigo wa safari aweke nini? Blanketi la sufu, bila shaka, lakini lililo muhimu zaidi ni la kutandika. Bati na kiti hunyonya joto la mwili kuliko hewa ya juu. Maboksi yaliyokunjuliwa, magunia makavu na mkeka vyatosha. Aongeze soksi, kofia, na shati kavu la kubadili, kwa kuwa nguo yenye jasho hupoza. Chupa iliyofungwa barabara, yenye maji ya moto na kuviringishwa kitambaa, huwekwa miguuni. Uji wa moto kabla ya kulala wafaa. Pombe haifai, maana hupasha ngozi huku ikilitoa joto la ndani.

Kioo kimoja kiachwe wazi kiasi cha vidole viwili, upande usio na upepo. Pumzi ina maji mengi, na vioo vikifungwa vyote, asubuhi blanketi huwa chepechepe.

Akikutwa mtu ndani ya gari lenye jiko, analalamika kichwa, anatapika au amelegea, milango ifunguliwe, atolewe nje upesi na kupelekwa hospitali. Kumnywesha maziwa hakusaidii: sumu hiyo imo katika damu, haimo tumboni.