Kamera ikeshe, batri isife

Swali la mwezi huu linatoka kwa watu wanaofanya kazi kwa zamu: «Nilitia kamera kidogo ku kioo cha mbele cha motokari. Ninataka ikamate picha hata wakati motokari imesimama ku parkingi. Lakini kisha siku mbili tatu, motokari inakatala kuwaka. Ile kamera njo inakula batri? Nifanye namna gani?»

Swali hili ni la maana. Motokari ikigongwa ku parkingi, aliyegonga akienda zake, mara nyingi lawama inaanguka juu ya sentineli, na maskini huyo anakatwa mshahara kwa kosa la mwingine. Picha moja ya kamera inaweza kumwokoa. Lakini kuna upande wa pili. Usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, hakuna atakayeuliza picha. Wote watauliza neno moja tu: motokari inawaka ao haiwaki? Basi tutafute njia ya kupata vyote viwili.

Kwanza tufanye hesabu. Kamera nyingi za namna hii zinakula wati 3 mpaka 5. Tuseme 4. Gawanya kwa volti 12 za batri, unapata karibu theluthi moja ya ampere. Zamu ya masaa 12 inakula basi ampere-saa 4. Kwa batri mpya ya ampere-saa 60, hiyo si kitu. Lakini uache motokari siku 3 bila kuiwasha: ni masaa 72, ni ampere-saa 24. Batri imepoteza sehemu 40 kwa 100! Na kama batri ni ya zamani, ile 60 iliyoandikwa juu yake haimo tena ndani. Tena, ili kuzungusha motere, batri inapaswa kutoa zaidi ya ampere 100 kwa mara moja. Ndiyo sababu unaona taa za ndani zinawaka vizuri, lakini motere haizunguki.

Sasa tazama kamera yako inapata moto wapi. Kama waya wake unaingia mu prizi ya kuwashia sigara, ondoa ufunguo, funga milango, ngoja dakika 15, kisha uchungulie. Katika motokari nyingi za Japani, prizi hiyo inazimika pamoja na kontakti, na kamera inalala. Katika nyingine inabaki na moto usiku kucha. Hapo ndipo batri inapokufa bila mtu kujua.

Njia nzuri ni kununua kifaa cha waya 3 kilichotengenezwa kwa kamera yako. Waya wa kwanza unashika fizibule yenye moto kila wakati. Wa pili unashika fizibule yenye moto wakati wa kontakti tu. Huo unaambia kamera kama motokari inatembea ao imesimama. Wa tatu unafungwa ku chuma cha mwili wa motokari, mahali pasipo rangi. Faida kubwa ni hii: kifaa kinapima volti za batri, na zikishuka sana kinakata moto chenyewe.

Kikate wapi? Shika hesabu hizi za batri ya kawaida iliyopumzika: volti 12,6 imejaa, 12,4 imebaki robo tatu, 12,2 imebaki nusu, 12,0 imebaki karibu robo. Vifaa vingi vinakuacha uchague. Usichague 11,8 kwa tamaa ya picha nyingi. Chagua 12,2, na kama batri imezeeka, ao ni wakati wa baridi mwezi wa 6 na wa 7, chagua 12,4. Batri ya risasi inayoachwa tupu mara kwa mara inaharibika ndani, na hata ukiichaji hairudi sawa vile ilikuwa.

Angalisho kwa vijana wanaopenda kujaribu: msiguse fizibule za freni, za motere, wala za mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa aksida. Na fizibule ikiungua, msiweke kipande cha waya pahali pake. Motokari ngapi ziliungua kwa ujanja huo! Kama hamjui, mwende kwa fundi wa umeme.

Mambo mengine ya kusaidia: weka kamera ikamate picha wakati kitu kinagusa motokari ao kinapita mbele yake, si masaa yote. Kama unasafiri juma zima, chomoa waya wake. Na usidhani safari ya dakika 10 mpaka ku soko inarudisha yote yaliyoliwa usiku. Batri inataka mwendo mrefu zaidi. Mwenye uwezo anaweza kununua batri ya pembeni kwa ajili ya kamera peke yake, inayojichaji wakati motokari inatembea. Lakini ile betri ndogo ya kuchaji simu, usiiache juu ya dashibodi mu jua: joto linaivimbisha, na inaweza kuwaka moto.

Mwisho, azima ao nunua kipimo cha volti. Asubuhi, mbele ya kuweka kontakti, pima batri na uandike hesabu ku karatasi. Fanya vile siku 7. Kama kila asubuhi hesabu inashuka, punguza kazi ya kamera. Kama inashuka hata kamera imechomolewa, basi kamera haina kosa: batri yenyewe imechoka, ao kitu kingine kinakula moto. Mpeleke fundi karatasi ile. Itamwonyesha njia kuliko maneno mengi.