KWA MEZA YA JAMAA: Ukimufundisha jirani kupika mukate



Mwezi huu niko na neno la jikoni. Usicheke. Pasta naye anakula, na magomvi mengi ambayo nilisikiliza kanisani yalianzia kwa mbabula.

Kisha mukutano wa wamama, mama mumoja alibakia na hasira. Alikuwa amemufundisha jirani yake, ambaye bwana wake hana kazi, kupika mukate ndani ya sufuria. Sasa jirani anauzisha mukate kwa avenyu ile ile. « Pasta, miye njo nilimufundisha, na leo watu wanaenda kununua kwake. Kufundisha mutu ni ujinga! »

Sikuwa na jibu la mbio. Mama alisema kweli, faida yake ilipunguka. Kama ningemwambia tu « samehe, mama », angerudi nyumbani na shida ile ile.

Najua mutauliza: ni mukate gani huo? Kamata glasi 3 za unga wa ngano na glasi 1 ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa. Tia chumvi kidogo, sukari kidogo, na kijiko kidogo cha chachu, ile tunayoita levire. Ongeza maji ya vuguvugu pole pole, ukande mpaka unga usishike mikono. Funika, ngoja saa moja mpaka uvimbe. Tia mchanga mukavu chini ya sufuria kubwa, uupashe moto, weka ndani sufuria ndogo yenye mukate, funika, na juu ya kifuniko weka makala ya moto. Viazi vinapunguza unga wa kununua, na mukate unabakia laini.

Wamama wengine nao walileta mawazo yao. Mumoja hapakai margarini. Anakaanga kalanga bila mafuta, anaondoa maganda, anatwanga na chumvi na pilipili, kisha anachanganya na ndagala kavu zilizookwa na kutwangwa. Watoto wanakula na mukate mbele ya masomo. Lakini angalia: kalanga yenye ukungu au yenye kukunjamana, tupa. Sumu yake inaharibu maini, na moto wa jikoni hauimalizi. Tena usitie maji ndani, itaharibika upesi.

Mwingine alikumbusha majira. Wakati wa mvua lengalenga na majani ya maboga ni mengi. Anayachemsha kidogo, anayakausha kivulini, na katika kiangazi jamaa inakula bukari na mboga. Bowa vilevile, lakini ile tu ambayo wazee wanaijua. Usijaribu bowa usiyoijua, hata kama ni nzuri kwa macho.

Na sisi wa inchi ya migodi tuongeze neno moja. Katika mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walitoa utafiti ulioonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya madini. Kwa hiyo usikaushe mboga kando ya barabara yenye vumbi. Osha majani mara mbili, tatu, na usinyweshe bustani na maji yanayotoka kwa kiwanda.

Turudie sasa kwa mama yetu. Soma 1 Wafalme 17. Mujane wa Sarepta alikuwa na unga kidogo tu na mafuta kidogo, na mutoto wa kulisha. Eliya alipoomba mukate, mama huyu hakuficha hali yake. Alisema wazi kile alichokuwa nacho na kile alichoogopa. Hapo ndipo tulianzia na sisi. Niliwaita wamama wawili, tukaketi, kila mumoja akasema wazi.

Jirani akasema: « Mama, sikutaka kukuharibia. Watoto walilala na njaa siku mbili. » Yule wa kwanza akanyamaza muda murefu. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyetoa mupango: wanunue mufuko mumoja wa unga pamoja, maana mufuko ni bei ndogo kuliko kupimiwa kwa glasi. Jirani auzishe mangaribi. Yeye auzishe asubui, mukate uliopakwa kalanga.

Hawajawa marafiki wakubwa. Lakini wanasalimiana, na nyumba mbili zinakula.

Ndugu musomaji, ukigawa unga, unapunguka. Ukigawa ujuzi, ujuzi haupunguki, lakini faida inaweza kupunguka, tusidanganyane. Ndiyo maana anayefundishwa asimusahau aliyemufundisha, na anayefundisha asione haya kusema: tupange pamoja.

Na ninyi vijana, wavulana pia, ingieni jikoni. Njaa haiulizi kama weye ni mwanaume.

Je, kwenu munapika nini majira haya? Andika kwa karatasi, mupe pasta wako ailete. Mwezi ujao tutasoma yenu.

Bwana abariki meza yako.