Mfereji wa Stoke Bruerne na Watu Wake

Desturi ya chombo ni kufuata maji yalipo. Waingereza wa karne ya 18, walipohitaji kusafirisha makaa ya mawe kwa wingi, waliamua maji ndiyo yafuate mzigo, wakachimba mifereji nchini kote. Mmoja wao, uliounganisha London na miji ya viwanda, unapita katika kijiji cha Stoke Bruerne, Northamptonshire, na siku hizi huvuta watu wa matembezi.

Kinu cha zamani cha nafaka kiligeuzwa makumbusho mwaka 1963. Ng'ambo ya maji ipo nyumba ya vileo iitwayo Boat Inn, iliyoezekwa kwa nyasi. Mgeni huketi nje na bilauri yake, akitazama mashua zikipanda kilima. Chombo huingia katika chumba cha matofali, milango ikafungwa nyuma yake. Maji huachiwa kutoka juu, nacho huinuka polepole hadi usawa wa mfereji ulio mbele. Vyumba vya namna hiyo ni 7, na milango yake husukumwa kwa nguvu za mwili.

Starehe hiyo isitufiche walioishi humo. Ushindani wa reli ulipopunguza malipo, wanamaji wengi waliacha nyumba za nchi kavu, wakachukua mke na watoto wawe mabaharia wasio na mshahara. Chumba chao kilikuwa na urefu wa mita 3 hivi; ndimo walimopika, walimolala na kuzaliana. Sheria ya mwaka 1877 ilitaka watoto hao wasome, lakini shule ilibaki mahali pamoja nao wakaendelea na safari. Familia za askari, zijuazo uhamisho, zitaelewa. Afadhali kijijini hapo alikuwapo muuguzi Mary Ward, aliyewatibu watu wa mashua nyumbani kwake, kando ya mfereji.

Mwendo mfupi kutoka hapo lipo handaki la Blisworth, lililofunguliwa mwaka 1805, lenye urefu wa mita 2,813. Ndani hamna njia ya farasi. Farasi alipitishwa juu ya kilima, na wanaume walilala chali juu ya mbao, wakizisukuma kuta kwa nyayo gizani mpaka mashua itokeze upande wa pili. Handaki lilikarabatiwa, likafunguliwa tena mwaka 1984. Leo mashua hulipita kwa injini, na abiria huvaa makoti ya mvua kwa sababu ya matone yadondokayo kutoka darini.