Tukicheka, basi tumwambie "tena"

Wadau, bumu limekata na semina haziishi.

Leo nina dukuduku. Wiki hii jamaa mmoja wa kundi letu alisimama kuwasilisha mada kwa Kiingereza. Hoja zake zilikuwa kali kuliko zetu wote, maana alikuwa amebukua kweli. Dakika ya pili akachapia neno moja, watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitaki kujitoa. Jamaa akainamisha kichwa, akasoma karatasi mpaka mwisho bila kututazama. Hoja zote zikapotea.

Kilichoniuma ni kwamba mwaka jana mimi ndiye niliyechekwa, tena kwenye darasa la Kichina. Nilitaka kusema "qǐng wèn", yaani naomba kuuliza. Hilo wèn sauti yake inashuka kwa nguvu. Mimi nikaishusha kisha nikaipandisha, ikawa wěn, yaani busu. Darasa zima hoi! Mwalimu akatabasamu, akasema: tena. Nikarudia mara tano mpaka ikakaa. Neno lile sitalisahau maisha.

Sasa angalia tofauti. Wote wawili tulichekwa, ila mwenzangu hakuna aliyemwambia "tena".

Halafu tunacheka kitu ambacho wala si kosa. Lafudhi ya kwenu haina ubaya. Mwalimu Nyerere alimaliza shahada yake Edinburgh mwaka 1952, lakini sikiliza hotuba zake za Kiingereza: habani pua hata kidogo, na dunia ilimwelewa.

Kinachompoteza msikilizaji ni mkazo na toni. Sisi mkazo wetu kwa kawaida unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, tumeuzoea hata hatuufikirii. Lakini hata kwetu, ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, na ba-RA-ba-ra ni sawasawa kabisa. Kiingereza kimejaa mambo hayo. Neno present ukilikaza mwanzo ni zawadi, ukilikaza mwisho ni kuwasilisha. Kichina ndiyo usiseme: mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Hebu fikiria umesimama mbele ya wafanyabiashara halafu unavichanganya!

Na haya huyapati kwa kusoma kimya kimya. Tunadesa, tunakariri maneno, lakini mdomo haujawahi kuyatamka. Siku ya kusimama ndiyo siku ya kwanza ulimi unakutana nayo. Utaachaje kutetemeka?

Mimi siku hizi nafanya hivi. Kwenye karatasi napigia mstari silabi ya kukaza na naweka alama pa kupumzika. Kwa Kichina naandika toni kwanza. Nasimama, nasema kwa sauti dakika 2 huku najirekodi kwenye simu, kisha nasikiliza. Mara ya kwanza utataka kuitupa simu, vumilia. Mara ya pili weka karatasi pembeni, bakiza hoja tatu tu kichwani. Halafu tafuta rafiki atakayekuacha umalize ndipo akusahihishe. Anayekukatiza kila neno anakufundisha kuogopa.

Kwa nini nalivalia njuga? Kwa sababu sisi ni walimu watarajiwa. Mwakani tunakwenda fildi, na sekondari masomo mengi ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza, anakutana na wewe. Kama wewe umejificha nyuma ya karatasi, naye atajificha. Ukimcheka siku moja, anaweza asinyooshe mkono tena mpaka kidato cha nne. Atafeli wakati kichwani anazo hoja kama za yule jamaa.

Nimemfuata, nimemwomba radhi. Alininunia kidogo, halafu akasema poa. Jumamosi saa 10 jioni tunakutana pale kwenye kimbweta chini ya mwembe, anarudia mada yake yote kwa kusimama, bila karatasi. Na mimi nitafuata na hotuba yangu ya Kichina, busu likitokea litokee.

Mwenye nafasi aje. Kucheka ruksa, ila ukicheka ni lazima useme "tena", halafu zamu inayofuata ni yako.

Nawasilisha.