Daftari la Wiki: Gari Kuukuu Linapokataa Kuwaka

Ushahidi wa taa

Stata, taa kubwa, honi na taa za dashibodi za gari kuukuu hupata umeme kutoka betri moja ya volti 12. Kwa hiyo gari likikataa kuwaka, taa hueleza mengi kabla spana haijashikwa. Taa kubwa huwashwa, kisha ufunguo huzungushwa huku mtu mwingine akitazama mbele ya gari. Taa zikizimika kabisa au zikibaki na wekundu hafifu, betri ni dhaifu au umeme unakwama kwenye vichwa vyake. Zikififia kidogo na stata ikazunguka kwa nguvu, hiyo ni hali ya kawaida. Zikibaki na mwanga wote huku stata ikiwa kimya, umeme haufiki kwenye stata. Hapo betri isilaumiwe, ichunguzwe njia.

Namba za betri

Betri ya asidi ina seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikisoma 12.2 imebaki na nusu, na kwenye 12.0 imekaribia kuisha. Kipimo hicho peke yake hakitoshi. Kipimo cha pili huchukuliwa wakati stata inazunguka, na hapo volti zisishuke chini ya 9.6. Betri inayoonyesha 12.6 ikiwa imetulia, kisha ikaporomoka hadi 7 stata inapoguswa, imechoka ndani, hata kama inang'aa kwa upya.

Cha tatu huchukuliwa injini ikiunguruma: kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13, altaneta haichaji. Juu ya 15, kidhibiti chaji kimeharibika na maji ya betri yatakauka. Betri zenye vizibo huongezwa maji yaliyotolewa madini, si ya bomba, wala si asidi.

Waya wa hasi, unaosahauliwa

Umeme uliotoka upande wa chanya lazima urudi upande wa hasi, na njia yake ya kurudi ni chuma cha injini na bodi. Katika gari la miaka mingi njia hiyo huzibwa na kutu, oili na rangi. Maeneo kama Tanga, Mombasa na Unguja huongeza adui mwingine, chumvi ya upepo wa bahari. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri ni dalili ya wazi. Huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, vichwa husuguliwa kwa brashi ya waya, hukazwa, kisha hupakwa grisi.

Kuna namna ya kuipima njia hiyo bila kufungua kitu. Ncha moja ya kipima umeme huwekwa kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu stata huzungushwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, waya wa hasi una kasoro. Upande wa chanya, kutoka betri hadi stata, kikomo ni 0.5. Dalili nyingine ni kebo ya akselereta au ya klachi kupata moto stata inapozunguka: umeme umekosa waya wake ukajitafutia njia nyingine.

Land Rover za kabla ya 1967 zina tahadhari yake. Nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na chanya kwenye bodi badala ya hasi. Anayeziunga na betri ya gari jingine bila kuangalia alama huunguza vifaa vya magari yote mawili.

Milio ya stata

Mlio wa haraka, tak-tak-tak-tak, maana yake sumaku ya stata, yaani solenoidi, inavuta na kuachia kwa sababu umeme ni mdogo. Betri na vichwa vyake ndivyo vya kuangalia.

Tak moja nzito, kisha kimya, wakati betri ni nzima, huelekeza ndani ya stata. Katika stata nyingi za Toyota, vipande vya shaba ndani ya solenoidi huliwa upande mmoja hadi visigusane. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na kuvibadilisha ni nafuu kuliko kununua stata nzima. Stata inayoamka baada ya kugongwa taratibu kwenye ganda lake ina kaboni zilizokwisha. Kugonga huko kunamfikisha mtu gereji tu.

Stata ikivuma bila kuizungusha injini, bendeksi imeteleza au meno ya flaiwili yamelika. Isipotoa sauti yoyote, hufuatwa swichi ya ufunguo, rilei na waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi. Kwenye gari la otomatiki, gia huhamishwa kutoka P kwenda N na ufunguo hujaribiwa tena. Likiwaka, swichi ya gia ndiyo mbovu.

Inazunguka, lakini haiwaki

Hapa stata imemaliza kazi yake. Gari la petroli hutafutwa cheche kwanza, mafuta baadaye. Lenye pointi hukaguliwa kama zimeungua au mwanya wake umepotea. Gari la dizeli halina cheche: huangaliwa hita za silinda, hasa asubuhi za baridi kama za Njombe au Limuru, na solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu. Ufunguo ukifunguliwa, solenoidi hiyo hutoa mlio mdogo. Isipopata umeme, dizeli haipiti, hata stata izungushwe mchana kutwa.

Taa nyekundu

Taa yenye picha ya betri imeungwa kati ya swichi ya ufunguo na altaneta. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefunguliwa, umeme hupita na taa huwaka. Altaneta ikianza kuzalisha, volti za pande zote mbili hulingana na taa huzimika. Ikibaki inawaka, mkanda wa altaneta huangaliwa kwanza. Ikiwa na mwanga hafifu, daiodi za altaneta hushukiwa. Isipowaka kabisa ufunguo unapofunguliwa, hilo nalo ni tatizo, kwa kuwa altaneta nyingi za zamani huamshwa na umeme unaopita kwenye globu hiyo. Globu ikiungua, betri yaweza kukosa chaji.

Katika magari mengi ya Kijapani ya zamani, taa ya chaji na ya breki zikiwaka pamoja, na mafuta ya breki yako kwenye kiwango, kosa huwa kwenye altaneta.

Taa ya oili haina mjadala: ikiwaka injini ikiwa inaunguruma, injini izimwe papo hapo na kijiti cha oili kisomwe.

Dashibodi gizani

Taa za mwanga wa dashibodi mara nyingi hushiriki fyuzi na taa ndogo za nyuma. Zikizimika zote pamoja, fyuzi ndiyo ya kwanza kutazamwa, na dereva asiendelee na safari ya usiku, kwani hata anayemfuata hamwoni. Za nyuma zikiwa zinawaka, huzungushwa kitufe cha kupunguzia mwanga mara kadhaa, maana mgusano wake huchakaa. Ikizimika sehemu moja tu ya dashibodi, ni globu au kishikio chake.

Kwenye Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971, geji za mafuta na joto hulishwa na kifaa kimoja kinachoshusha volti hadi 10 hivi. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, kifaa hicho ndicho kibovu, wala injini haijachemka. Ikikosea moja tu, hukaguliwa sensa yake.

Fyuzi si ya kurekebishwa

Karatasi ya sigara au uzi wa waya uliowekwa mahali pa fyuzi huleta moto nyuma ya dashibodi. Fyuzi ya ampea 10 hubadilishwa kwa ya ampea 10. Ikikatika tena, kuna waya unaogusa bodi, na huo ndio wa kutafutwa. Kabla mkono haujaingia nyuma ya dashibodi, waya wa hasi wa betri ufunguliwe.

Stata na altaneta nyingi hubadilishwa zikiwa nzima, kwa kosa la kichwa cha betri kilicholegea au waya wenye kutu. Fundi anayepima kabla ya kuagiza kipuri alipwe kwa kupima huko, hata kama mwishoni alichofanya ni kukaza nati moja.