Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto



Wiki hii mjukuu wangu alikuja na kazi yake ya shule. "Bibi, neno 'cheat' la Kiingereza asili yake ni nini?" Nilidhani jibu ni fupi; kumbe lina kisa.

Hapo kale nchini Uingereza, mtu alipokufa bila ya mrithi, ardhi yake ilirejea kwa bwana wake au kwa mfalme. Marejeo hayo yaliitwa "escheat", neno la Kifaransa cha kale lenye mzizi wa Kilatini, maana yake kuanguka: yaani mali imemwangukia bwana. Mfalme aliweka maofisa wa kuisimamia. Maofisa hao wakajulikana kwa dhulma, wakitwaa hata mali yenye wenyewe. Watu wakalikata neno kichwa, likabaki "cheat", na maana yake ikawa kudhulumu kwa hila. Tazameni, basi: neno hili halikuzaliwa kwa wezi wa usiku, bali kwa waliopewa amana.

Nasi tunayo yetu. Kuhadaa na kughushi tumeyapokea kutoka Kiarabu. Lakini neno ninaloliogopa zaidi ni kupunja, yaani kumpa mtu chini ya haki yake, kwani mpunjaji aweza kupunja pasi na kutamka uongo hata mmoja.

Chukueni pojo tunazopika kwa tui la nazi. Bara huitwa ndengu, na nyingi hulimwa Kitui na Makueni, nchi ya mvua haba, kwa kuwa mmea huu hustahimili ukame. Mkulima huvuna, hupura, hupepeta, kisha humngoja mchuuzi. Wachuuzi waaminifu wapo. Lakini yupo ajaye bila ya mizani, na mkebe wake wa gorogoro mkononi, akataka ujazwe hata ufanye kilele. Zikifika sokoni, pojo zilezile hupimwa kwa mkebe uliofutwa kwa kiganja, na pengine kitako chake kimebonyezwa kuingia ndani. Wazee wetu walitofautisha kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Anunuaye kwa tele akauza kwa mfuto amewapunja wawili: mama aliyelima Mwingi na mama anayepika Kisauni.

Sura ya 83 ya Qur'ani Tukufu, Al-Mutaffifin, imeitwa kwa jina la wapunjaji wa vipimo, na imeanza kwa kuwaonya. Naye Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipoutia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, alimkemea mwenyewe kwa kuuficha umajimaji ule.

Nilipokuwa nikimweleza mjukuu haya, sauti yangu ilipungua. Miaka niliyouza nafaka dirishani pangu, nilikuwa na mikebe miwili: wa kununulia na wa kuuzia. Haukuwa mmoja kwa ukubwa, nami nilijua. Niliyempunja simkumbuki kwa jina, basi nimkute wapi nimtake radhi? Nimebaki na toba, na sadaka kwa niaba ya wenye haki.

Enyi dada zangu mnaouza mchele, unga au mahamri, mkebe na uwe mmoja. Na mnunuapo, dai mizani, lakini msimpunje muuzaji kwa kutaka kilele asichokiuza.

Mjukuu aliandika jibu lake. Alama atapewa na mwalimu. Yangu bado naingoja.