Neno la Mhariri: Kabla ya Kisu

Toleo hili linahusu afya ya wanaume wa kusini mwa Tanzania, na tumeamua kulifungua kwa ugonjwa ambao wengi wangependa tuupite kimya: saratani ya uume. Hatukuuchagua kwa wingi wake. Duniani kote wagonjwa wapya wa mwaka 2020 walikadiriwa kuwa takriban 36,000, na pwani ya Kilwa na Lindi ni mahali ambapo hautarajiwi kuwa mwingi. Tumeuchagua kwa kuwa mwanaume anaweza kukatwa kiungo ambacho kingeweza kubaki, tena bila kuambiwa kwamba palikuwa na njia nyingine.

Kinga yetu inajulikana. Mwaka 1963 O. G. Dodge na C. A. Linsell walichapisha utafiti wao juu ya saratani hii miongoni mwa Waafrika wa Uganda na Kenya. Katika jamii za Uganda zisizotahiri ilikuwa miongoni mwa saratani kubwa za wanaume. Palipokuwa na tohara, ilikuwa adimu. Huku kwetu mvulana huingia jandoni, au hutahiriwa kwa sunna, kabla hajaota ndevu, na tohara ya utotoni ndiyo yenye kinga kubwa. Ile ya ukubwani haina nguvu hiyo. Wazee wetu wanastahili shukrani kwa hilo, ingawa sidhani kama kuna ngariba aliyewahi kuiwaza saratani. Hata hivyo jando halifungi milango yote. Takriban nusu ya saratani hizi huhusishwa na kirusi cha papiloma, kile kile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Sigara huongeza hatari, na VVU pia. Chanjo ya kirusi hicho, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, ni ya wasichana.

Uadimu nao una hasara yake. Kidonda kidogo kwenye kichwa cha uume kikifikishwa zahanati ya kijiji, tabibu hufikiria kaswende au pangusa na kutoa dawa. Mara ya kwanza yuko sawa kabisa. Mara ya tatu, kidonda hakijafunga na hakuna kinyama kilichochukuliwa kwenda maabara, hapo hayuko sawa tena. Na huyo ni mgonjwa aliyefika. Mwenzake ameanzia duka la dawa, akaenda kwa mganga, kisha akasubiri ufuta uingie mnadani katikati ya mwaka ili apate nauli, na ufuta ukiisha kulipa madeni anasubiri korosho. Mkewe hajui, au anajua na amenyamaza. Wote wawili wanadhani ni ugonjwa wa zinaa, na katika kijiji ambamo kila mtu ni shemeji au mjomba wa mwenzake, dhana hiyo peke yake inatosha kumfungia mtu ndani.

Miezi hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Saratani ikiwa bado kwenye kichwa cha uume, haijazidi sentimita 4 na haijazama sana, kuna tiba inayoiua na kukiacha kiungo mahali pake. Ni mionzi ya ndani. Mgonjwa hutahiriwa kwanza kama hajatahiriwa, ili kidonda kionekane vizuri na govi lisivimbe baadaye. Kisha hulazwa kwa dawa ya usingizi, na sindano nyembamba hupitishwa kwenye nyama, sambamba, kwa mistari iliyopimwa na kushikiliwa na vibao vya plastiki vyenye matundu. Chembe ya iridiamu yenye mionzi huingizwa ndani ya sindano hizo. Kwa utaratibu wa zamani inakaa humo siku 4 au 5, mgonjwa akiwa kitandani na mpira wa mkojo, mpaka nyama ipate mionzi ya takriban Grei 60. Kwa mashine za sasa chembe huingia kwa dakika chache na kutoka, mara mbili kwa siku, kwa siku kadhaa. Korodani hukingwa kwa madini ya risasi.

Juanita Crook na wenzake nchini Kanada walichapisha mwaka 2009 matokeo ya wanaume 67 waliotibiwa hivyo: baada ya miaka 5 takriban 88 katika kila 100 walikuwa bado na uume wao, na baada ya miaka 10 takriban 67. Si tiba isiyo na gharama. Baadhi hupata vidonda vinavyochukua miezi kupona, na wengine tundu la mkojo husinyaa likahitaji kupanuliwa. Lakini mwanaume anakojoa amesimama, na wengi huendelea na maisha ya ndoa. Anayejua namna mtu aliyekatwa anavyoanza kuikwepa hata safu ya msikitini hatayaita hayo mambo madogo.

Je, haya ni ya Kanada tu? Tiba ya mionzi ya ndani si ngeni Tanzania. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996 katika hospitali waliyoijenga Wajerumani karne moja kabla, imeitumia kwa miaka mingi kuwatibu wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Fizikia ni ile ile, chembe ni ile ile, hesabu za dozi zinatoka chimbuko moja. Kinachotofautiana ni sindano, vibao na mkono uliozoea. Iridiamu hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya siku 74 hivi, kwa hiyo inaagizwa upya mara kwa mara. Mzigo mkubwa wa kuiagiza unabebwa tayari kwa ajili ya akina mama. Mwanaume mmoja mmoja kutoka kusini hauongezi sana.

Lipo pingamizi zito, nalo madaktari wa upasuaji hulisema bila kuficha. Saratani iliyotibiwa kwa sindano inaweza kurudi pale pale, na ikigunduliwa mapema kisu bado huokoa maisha. Ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kuangaliwa kila baada ya miezi 3 katika miaka miwili ya mwanzo, na kuendelea kwa miaka mingi. Mtu wa Kilwa atarudi Dar es Salaam mara ngapi? Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tuliagana na kivuko cha Rufiji, lakini Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ile ile ya Dar es Salaam upande wa Somanga na magari yakalala njiani. Daktari anayekata leo kwa kuhofia kwamba mgonjwa hatamwona tena hana roho mbaya. Amepiga hesabu ya nauli ambayo sisi wengine hatukuipiga.

Tunachokipinga ni hesabu hiyo kufanywa kimyakimya, mgonjwa akiwa hayumo. Aambiwe njia zote mbili na masharti ya kila moja, kisha achague. Na sharti la kurudi lipunguzwe uzito. Kumwangalia mtu huyu kila baada ya miezi 3 hakuhitaji iridiamu wala mashine. Kunahitaji macho ya kukagua kovu na vidole vya kupapasa mitoki kwenye kinena, kazi ambayo tabibu aliyefundishwa anaweza kuifanya Hospitali ya Sokoine mjini Lindi au Kinyonga pale Kilwa Kivinje, akiwa na namba ya simu ya daktari wa Ocean Road na chumba ambacho mlango wake unafungwa. Kliniki ya akina mama ina siku zake na kadi zake. Tunaomba wanaume watengewe asubuhi moja kwa mwezi, na isibandikwe jina la ugonjwa mlangoni.